Joto la Mombasa ni Lile Lile

Jumatatu, 6 Januari

Daktari wa presha ameniambia nisikae na hasira kifuani, nitafute pa kuzitua. Basi nimechukua daftari hili lililobaki stoo, na kuanzia leo litakuwa linanisikiliza. Haliwezi kunijibu, na kwa hilo tu limewashinda walimu wenzangu.

Tumefungua shule. Kidato cha Tatu wamefika sabini na wawili na madarasa ya mawe yamejaa, kwa hiyo wametupwa kwenye banda la mabati nyuma ya jiko. Mimi ndiye mwalimu wao wa darasa. Asubuhi nimefungua kile kisanduku changu cheupe cha hali ya hewa kilicho uwanjani, nikapangusa kipimajoto, nikaanza daftari jipya la vipimo. Ni la ishirini na nane. Hakuna shule Kisauni nzima yenye rekodi kama yangu. Najisifu, ndiyo, na nani atanikataza?

Alhamisi, 9 Januari

Mamake Kafedha, msichana wa darasa langu, amekuja kuniona kabla ya kwenda kazini Bamburi, anakofua mashuka hotelini. Binti yake ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtu huzaliwa nao. Akikaukiwa na maji mwilini, au akipigwa na joto kali, damu hukwama njiani na mifupa humuuma mpaka analia kwa sauti. Mwaka jana alilazwa mara mbili.

"Mwalimu, mimi sina la kukufundisha," akasema. "Nakuomba tu umruhusu anywe maji darasani. Na joto likizidi umtoe akae kivulini."

"Mama, huyu ni mwanangu," nikamwambia. "Nitamwangalia."

Nimemfanya Kafedha mtunza vipimo. Hachezi michezo, ana mwandiko safi, na hasemi ovyo. Kila siku saa saba mchana atakwenda kusoma kipimajoto aniletee namba.

Jumatano, 15 Januari

Joto. Chaki inateleza vidoleni.

Jumatatu, 20 Januari

Tumeletewa mwalimu mpya wa Kemia, Samiha, msichana wa Mji wa Kale, mwembamba, miwani mikubwa. "Shikamoo, Bi Agneta." "Marahaba." Mpaka hapo tulikuwa tunapatana.

Wakati wa chai akasema joto la siku hizi limezidi kwa sababu ya moshi wa mafuta na makaa ambao binadamu wameurundika angani miaka mia na zaidi. Akayasema kama mtu anayesoma bei ya sukari, bila kuona haya. Nikamuuliza: mwaka 1984, ng'ombe wa babu yangu kule Mwingi walipokufa wote zizini kwa ukame, nani kijijini alikuwa na gari? Hata baiskeli ilikuwa moja tu, ya katekista. Huo moshi ulitoka wapi?

"Bi Agneta, sikiza," akasema. "Zamani watu walikufa kwa homa. Je, ndiyo kusema leo mtu hawezi kuuawa na lori?"

Nikamwambia asiniletee mifano ya barabarani. Mimi nasema kwa vipimo. Machi ya 1998 na Machi ya 2024 katika rekodi yangu ni mapacha. Joto la Mombasa ni lile lile. Waliobadilika ni watu, wamezoea kudeka.

Jumanne, 28 Januari

Kafedha ameniletea nyuzi thelathini na nne nukta mbili. Nikamfungulia daftari la mwaka jana, tarehe kama ya leo: thelathini na moja nukta nane.

"Namba ikiwa haifanani na jirani zake, kosa ni la msomaji," nikamwambia. "Jicho liwe sawasawa na mstari. Ukisoma ukiwa umeinama au umejinyoosha, unadanganyika. Rudi."

Akarudi uwanjani, akaja na thelathini na mbili. Nikampa tiki nyekundu. Hivi ndivyo nilivyowafundisha watunza vipimo wote miaka ishirini na saba: kabla hujaenda kwenye kisanduku, tazama kwanza daftari la mwaka jana, ujue unatafuta nini. Kazi bila nidhamu ni kelele.

Jumatano, 5 Februari

Semina ya hali ya hewa, Bamburi, ukumbi wa hoteli. Kiyoyozi kilikuwa kikali hata nikajifunika leso mabegani, na huku kijana aliyekuja kwa ndege kutoka Nairobi anatuhimiza tupunguze moshi. Pilau ilikuwa nzuri. Wakatuonyesha mchoro wa joto la dunia, mstari unapanda tu. Nikanyoosha mkono nikauliza: hizo namba alizisoma nani, na nani alisimama karibu kuhakikisha? Akasema vituo ni maelfu, tena vinakaguana. Nikamwambia mimi ninacho kimoja, nakijua kwa mkono wangu, nacho kinasema vingine. Nani asiyejua kwamba namba hupikwa? Watu wakapiga makofi.

Samiha alikuwa meza ya nyuma. Hakupiga.

Ijumaa, 14 Februari

Leo nimekasirika kwelikweli. Samiha amechukua kipimajoto cha maabara, akakitundika ndani ya banda la Kidato cha Tatu bila kuniomba ruhusa, saa nane mchana. Kikasoma thelathini na saba. Akakibeba mpaka ofisi ya walimu akakiweka juu ya meza yangu, juu ya madaftari ya wanafunzi.

"Hicho umekitundika chini ya bati," nikamwambia. "Kinapima bati, hakipimi hewa. Kitabu chochote cha Jiografia kitakwambia kipimajoto hukaa kivulini, ndani ya kisanduku chenye upepo. Rudi chuo."

"Kweli, Bi Agneta. Hapo sikupingi." Akavua miwani. "Lakini watoto nao wamekaa wapi? Hewani, au chini ya bati?"

Nikamrudishia kipimajoto chake, nikavuta madaftari nikaendelea kusahihisha.

Jumatatu, 24 Februari

Mkutano wa walimu. Samiha ametaka Kidato cha Tatu waondolewe bandani mchana mpaka mvua zianze. Bwana Ruwa, mwalimu mkuu wetu, hapendi ugomvi. Akipewa nafasi atakata kila jambo katikati hata kama ni mtoto anayegombaniwa. Akauliza ni nani mwenye kipimo cha kuaminika. Wote wakanigeukia mimi.

Basi imeamuliwa. Kisanduku changu kikisoma nyuzi thelathini na nne au zaidi saa saba mchana, Kidato cha Tatu watatoka bandani wakae chini ya miti ya mikungu iliyo karibu na lango mpaka saa za kwenda nyumbani. Kikisoma chini ya hapo, wanabaki wanasoma.

Nilikubali upesi. Katika rekodi yangu Machi haijafika thelathini na nne hata siku moja. Nilimtazama Samiha nikaona naye anajua kwamba nimeshinda.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia, nusu ya darasa wamefunga. Upepo umekufa. Kafedha: 32.4.

Jumanne, 4 Machi

32.1. Samiha amenipita ukumbini akasema, "Thelathini na mbili, wallahi?" Nikamwambia wallahi ni yake, yangu ni daftari.

Alhamisi, 6 Machi

32.4. Nimelala vibaya, shuka limelowa jasho. Lakini mimi ni mtu mzima na nina presha, mwili wangu si ushahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Leo Kafedha alisimama mlangoni mwa ofisi akiwa na daftari kifuani, haingii wala hatoki.

"Kafedha!"

"Abee, mwalimu."

"Ni ngapi?"

"Mwalimu, leo iko juu."

"Juu wapi?"

"Juu... kidogo."

"Mwaka jana ilikuwa ngapi?"

"Thelathini na mbili nukta tatu."

"Basi nenda ukasome vizuri."

Akaenda. Nilimwona kwa dirisha akikata uwanja polepole juani, mguu mmoja akiuburura kidogo, nikadhani ni uvivu wa mchana. Akarudi na 32.3. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Nilimwambia anywe maji. Akaniambia mabomba yana maji ya matone tu.

Jumanne, 11 Machi

32.0.

Jumatano, 12 Machi

32.3. Mabomba yamekauka kabisa. Wanafunzi wanakuja na chupa kutoka nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika yote, kwa mpangilio, jinsi yalivyokuwa.

Saa saba Kafedha aliniletea 32.2. Nilitia tiki bila kuinua kichwa. Saa saba na nusu nikaingia bandani kwa vipindi viwili vya Jiografia. Mada ilikuwa mabadiliko ya hali ya hewa, ndivyo ratiba ilivyonipangia. Bati lilikuwa linalia kwa kutanuka, tak, tak, juu ya vichwa vyetu. Waliofunga walikuwa wamelaza mashavu juu ya madawati. Nikawaambia wainuke. Nikawaambia babu zao walilima juani na hawakuwa na maneno mengi hivi.

Nikachora ubaoni mchoro wangu mwenyewe, miaka ishirini na saba ya Machi, mstari umelala sawa. "Mkiona mchoro wa wageni unaopanda," nikasema, "ulizeni huu wa kwetu mbona umelala."

Kafedha akanyoosha mkono. Nilimwona. Nilikuwa katikati ya sentensi na sipendi kukatizwa, nikamwonyesha kiganja, asubiri. Akashusha mkono. Nikaendelea. Sijui ni dakika tatu au tano. Akanyoosha tena, mara hii mkono haukufika juu, na chupa yake ikaanguka chini, tupu, ikabiringika mpaka miguuni pangu. Kisha akaanguka yeye.

Alikuwa analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto mkubwa. Ameshika mapaja, amejikunja, anaita mamake. Wasichana wakaanza kupiga mayowe. Mimi nilisimama na chaki mkononi. Nitaliandika hilo ingawa ni aibu: nilisimama tu.

Aliyekuja mbio ni Samiha, kutoka maabara. Akamimina maji ya chupa ya maabara kwenye leso, akamfuta uso, akawaambia wavulana wawili wambebe mpaka langoni, akasimamisha tuktuk. Walipokuwa wanakata uwanja nilikuwa nyuma yao. Samiha akasimama kidogo tu kwenye kisanduku changu, akafungua kilango, akatazama. Hakukifunga. Akapanda tuktuk, wakaenda hospitali.

Nikakifikia kisanduku. Saa nane na robo. Kipimajoto kilikuwa kinasoma thelathini na tano nukta sita.

Nikainama, jicho sawasawa na mstari, kama ninavyowafundisha. Thelathini na tano nukta sita. Nikapangusa kioo kwa upindo wa leso. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia. Nilikuwa nakisihi kidude cha kioo kibadilishe maneno yake, mimi mwalimu wa miaka yote hii. Kikakataa.

Joto halipandi nyuzi tatu na zaidi kwa saa moja na robo, wakati huo wa mchana. Hilo hata mtoto wa Kidato cha Kwanza analijua.

Ijumaa, 14 Machi

Hospitali. Kafedha ana dripu na dawa ya maumivu, amelala. Mamake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na sare ya kazini, hajapata nafasi ya kuivua tangu jana. Nikamwambia pole.

"Ulisema utamwangalia," akasema.

Hakupaza sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, ningezistahimili.

Jumamosi, 15 Machi

Leo amezungumza. Mamake alikuwa ametoka kwenda kutafuta uji.

"Kafedha," nikamuuliza, "Alhamisi saa saba uliona ngapi?"

Akatazama ukuta. "Thelathini na tano nukta mbili."

"Mbona ukaandika nyingine?"

"Ningekuletea ile ungenirudisha, mwalimu. Na miguu ilikuwa imeanza kuuma, sikuweza kwenda na kurudi tena juani. Nikaandika ya mwaka jana."

"Na zile siku nyingine?"

"Nyingi niliandika ya mwaka jana."

Nilimuuliza nani alimfundisha hivyo. Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemuuliza nani alimfundisha kuamkia wakubwa. "Ndivyo kazi inavyofanywa. Aliyenikabidhi alinambia, na yeye aliambiwa na wa kabla yake. Unaanza na kitabu. Ukienda kwenye kisanduku kwanza, Mwalimu Agneta atakutembeza."

Kila mtunza vipimo anajua hivyo. Shule nzima ilijua isipokuwa mimi.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nimeketi sebuleni hapa Mishomoroni na madaftari yote ishirini na nane sakafuni, nimeyafungua moja moja.

Mwaka 2011 kipimajoto kilivunjika, tukakaa wiki sita tukisubiri kingine. Nakumbuka vizuri, niliandika barua mimi mwenyewe. Daftari la 2011 halina pengo hata la siku moja.

Mwaka 2004 ulikuwa mrefu, Februari ilikuwa na tarehe ishirini na tisa. Mwaka 2005 haikuwa nayo. Lakini katika daftari la 2005 ipo, tarehe ishirini na tisa Februari, nyuzi thelathini na mbili nukta moja. Siku ambayo Mungu hakuiumba, sisi tumeipima joto. Na pembeni yake kuna tiki nyekundu, na neno "Vizuri", na sahihi. Ni sahihi yangu.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikalia.

Miaka yote nimesema huko nje wamepika namba. Kumbe jiko lilikuwa kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nachochea kuni. Siwezi kujua tena Machi ya 1998 ilikuwa na joto gani. Siwezi kujua ya 2010. Madaftari haya hayasemi kwamba Samiha ana haki, na hayasemi kwamba nina haki mimi. Hayasemi kitu chochote. Nilimuuliza yule kijana wa semina ni nani aliyesimama karibu kuhakikisha namba zake, naye alinijibu, vituo ni maelfu na vinakaguana, na mimi nikafurahia makofi. Changu kilikaguliwa na nani? Na mwaka wake uliopita.

"Hapana" yangu yote ilisimama juu ya madaftari haya. Sasa sina pa kuisimamisha. Naona aibu, na chini ya aibu naona hofu, kwa sababu mtoto nusura afe kwa ajili ya mstari ulionyooka.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia Bwana Ruwa. Akafunga mlango wa ofisi.

"Mwalimu, mtoto anaendelea vizuri," akasema. "Wewe umebakisha miaka mitatu ustaafu. Mzazi hajalalamika kwa maandishi. Tukisema kipimajoto kiliharibika, ni nani atakayebisha?"

"Kipimajoto ni kizima, Bwana Ruwa."

"Najua. Nasema tukisema."

Nilitamani kukubali. Nitaliandika hili pia. Nilishika kitasa cha mlango nikahesabu miaka mitatu, nikaona jinsi ingekuwa rahisi, na kwamba kioo kikibebeshwa kosa hakina presha wala hakistaafu. Kisha nikakumbuka ile sare ya kufulia mashuka, nikamwambia aitishe mkutano.

Ijumaa, 21 Machi

Nimesimama mbele ya walimu wote nikayasema. Tarehe ishirini na tisa Februari nikaisema pia. Mtu mmoja alicheka puani, wengine wakatazama meza. Kidato cha Tatu wamehamishiwa ukumbi wa kulia chakula kuanzia leo, na mwalimu mkuu hakuuliza kipimo.

Samiha hakucheka. Ningemstahi zaidi kama angecheka, ningepata mtu wa kumkasirikia. Alinifuata nje akasema, "Bi Agneta, mimi nilikiona kisanduku kila siku. Ningeweza kukifungua tangu tarehe tatu. Nilisema hicho ni chako, nikakustahi." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Tukasimama pale, wanawake wawili wenye adabu nyingi.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Nimekwenda kwa mamake Kafedha, Ziwa la Ng'ombe, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anaanua nguo. Alinisikiliza bila kuacha kazi.

"Kwa hiyo mwanangu aliiona hiyo namba."

"Aliiona."

"Akaogopa kukwambia."

"Ndiyo."

Akaikunja kanga pande nne, akaiweka juu ya nyingine. "Nilimlea asidanganye," akasema. "Kama atarudi kwako ni shauri lake. Mimi sitamlazimisha, wala sitamzuia."

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Banda limevuja mahali pote pale walipokuwa wanakaa. Hakuna mtu ndani.

Jumatano, 2 Aprili

Idd imepita. Keshokutwa tunafunga shule. Kafedha amerudi leo, amekonda, sweta juu ya sare ingawa hakuna baridi.

Darasani nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Niliwaambia mstari niliowachorea ulikuwa wa uongo, na kwamba muhula ujao tutaanza daftari la kwanza, si la ishirini na tisa, na lile la mwaka uliopita litakaa kabatini limefungwa. Wakaandika kila neno, hata wale wa nyuma. Sijawazoea wakiniamini kwa namna hiyo. Nikamuuliza Kafedha kama anataka kuiacha kazi ya vipimo. Akasema hapana, mwalimu, ataendelea nayo.

Saa saba tulikwenda pamoja, nimemshikia mwavuli. Nilimfungulia kilango mimi. Hakukuwa na daftari la zamani mkononi mwake wala mwangu, ni karatasi moja nyeupe tu na penseli. Akasogea, akaweka jicho sawasawa na mstari, akatulia muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akageuka, akanitazama usoni, akiusoma uso wangu kwa makini kama alivyosoma kile kioo.

"Niandike ngapi, mwalimu?"

Nikamwambia, "Andika ulichokiona, mwanangu."

Akaitikia, "Abee." Penseli ikabaki hewani, na yeye bado ananitazama.